Fungu la Gunnar

Nimestaafu. Bosi alisema maneno mazuri, tukala keki ya kijani, nikapewa chupa ya chai, kana kwamba nyumbani hatuna chupa za chai. Sasa nakaa dirishani hapa Norsborg nikiangalia watu wanaokimbilia treni, na mikono inaniwasha kwa kukosa kazi. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi wawili mliobaki dukani kwenye meza ya kujazia risasi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mmoja wenu amelelewa na Warundi na mwingine na Wakenya, mnakisoma vizuri hata kama mkisemeshwa mnajibu Kiswidi, na pia kwa sababu bosi hakijui. Mkikwama neno, waulizeni mama zenu.

Mambo ya vyeo na mishahara siyagusi. Vyeo sikupata vingi, na mshahara mnaujua wenyewe. Nataka kuwaeleza jinsi ya kuchagua kichwa cha risasi cha bei nafuu ambacho hakitamtesa paa wala kumwaibisha mwindaji. Na nataka kuwaambia habari za Mzee Gunnar, aliyenifundisha kazi, kwa sababu kuna jambo moja tulilitaka sisi wawili na halikuwa, na linanikaba mpaka leo. Tulitaka tule nyama ya paa pamoja, meza moja. Ni hilo tu. Nikiliandika hivi linaonekana dogo sana.

Nilikuja nchi hii kutoka Morogoro, kijana, kujifunza kukereza chuma, na koti ambalo lingetosha baridi ya Mbeya. Kiwanda kilichonifundisha kilipofungwa, mtu akaniambia kuna duka la vifaa vya uwindaji kule Jordbro, kwenye maghala, wanatafuta fundi wa mashine. Nikaenda. Njia yenyewe mnaijua: unapanda treni hadi katikati ya jiji, halafu unapanda nyingine kurudi kusini kulekule, kama mtu anayetoka Kariakoo kwenda Ilala akipitia Kibaha. Nilifika nimechelewa, nimeloa, na maneno yangu ya Kiswidi yote yameganda mdomoni.

Gunnar alikuwa fundi bunduki wa duka. Mrefu, masikio makubwa, aproni ya ngozi imemezwa na mafuta. Hakuniuliza vyeti. Alimwaga mezani ndoo ya maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika, akaniambia nitenge mabovu, akaenda kunywa kahawa. Nilijua ni mtihani. Nikapitisha ukucha kwenye kila shingo, nikapata lenye ufa, nikaliweka mbele kwa maringo. Akarudi, akaliangalia, akachukua jingine katika yale niliyoyaita mazuri, akaingiza waya wenye ncha iliyopindwa, akanishika mkono niusukume mwenyewe. Ndani, karibu na kitako, waya ukanasa kwenye mfereji mdogo. Ganda kama hilo ukilijaza tena linaweza kukatika ndani ya bunduki, uso wa mtu ukiwa pale pale. Kwa nje lilikuwa linang'aa kama la jana. Tangu siku hiyo sijaliamini ganda linalong'aa, na nyinyi msiliamini.

Mchana ule ule alifungua chombo chake cha chakula. Nyama ya paa wa huku, wale wadogo wanaowaita rådjur, aliyempiga mwenyewe, na viazi, na jamu nyekundu juu yake. Waswidi hutia jamu kwenye nyama, mtazoea au hamtazoea. Akakata nusu, akanisogezea. Nami nikakataa. Kumkatalia mtu mzima chakula siku ya kwanza ya kazi! Mama yangu angenifinya. Nikamweleza kwa Kiswidi cha kubabaisha kwamba mimi ni Mwislamu, na kwamba mnyama wa kuwindwa kwetu analiwa ikiwa mpigaji amemtaja Mungu wakati anafyatua.

Akauliza kama tatizo ni paa. Nikasema hapana. Akauliza kama ni bunduki. Hapana.

"Basi tatizo ni mimi," akasema.

Niliona aibu mpaka kwenye magoti. Nikamwambia si wewe, mzee, ni lile neno tu. Akatafuna kiazi. Alikuwa mtu wa kwenda kanisani kwa mazishi tu, na hilo hakulificha.

"Neno naweza kujifunza," akasema. "Lakini nikilisema bila kuliamini, utakuwa unakula uongo wangu."

Kesho yake akaja na samaki wa chumvi, akaniwekea mezani. Nilimpenda mtu yule kuanzia hapo. Miaka yote ya kazi tulikula samaki mchana, na kila vuli, msimu wa mawindo huku, aliuliza swali lile lile, kwa utani na si kwa utani: lini utakuja kula paa kwangu? Mkewe Inga alikuwa anampika paa kwa saa nyingi kwa moto mdogo, na Gunnar aliamini kwamba mtu hajamjua mwenzake mpaka wamekula kutoka chungu kile.

Sasa vichwa. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki ya kuwashia, baruti na kichwa. Wateja wanapenda kubishana kuhusu baruti, lakini kinachomgusa mnyama ni kichwa. Kichwa cha kawaida ni koti la shaba limevishwa kwenye moyo wa risasi, yaani yale madini laini, basi. Kikigonga mfupa kwa kasi, koti na moyo vinaweza kuachana. Vichwa vya kushikana vimeunganishwa koti na moyo kiwandani, havitoki hata ukivifinya kwa koleo. Vinafunguka kama uyoga lakini vinabaki kitu kimoja.

Haya sikuyajifunza kitabuni. Kulikuwa na dereva wa lori, mteja wetu wa siku nyingi, bunduki yake ya kasi sana. Alitaka vichwa vya bei ya chini kabisa, vyenye koti jembamba, na duka likamuuzia alichotaka. Paa akamtokea karibu, hatua chache tu. Alilenga vizuri, bega lenyewe. Kichwa kikapasuka juu ya mfupa, kikafanya jeraha pana lisilo na kina, na mnyama akakimbia. Walimtafuta na mbwa mpaka wakampata kesho yake. Dereva alikuja dukani, akaweka juu ya kaunta kipande cha koti la shaba, tupu, kama ganda la karanga. Hakulalamika, hakudai chochote. Gunnar alikichukua kile kipande akakiweka kwenye kopo la glasi, na kopo bado liko rafu ya juu nyuma ya mizani. Mteja akiwaambia kichwa chochote kitafaa, mteremshieni kopo.

Baada ya hapo tulianza kuvijaribu vichwa wenyewe. Nilikusanya magazeti ya bure kwenye treni, watu wakanidhania mwendawazimu au msomi, tukayaloweka kwenye beseni usiku kucha, tukayafunga mabunda, tukayapiga kwenye uwanja wa shabaha. Kisha tunachimba kichwa, tunakiosha, tunakipima. Kilichobaki na karibu uzito wake wote kinakwenda kwenye rafu. Kilichovunjika kinarudi kwa wakala, na barua ya Gunnar ambayo haikuwa na heshima nyingi.

Kuhusu unafuu, sikilizeni. Msinunue jina la kwenye boksi. Ile ncha ya plastiki ya rangi inapendeza na inasaidia kwa mbali, lakini misitu ya huku mtu anapiga paa akiwa anamuona kope, kwa hiyo ncha ya madini ya risasi iliyo wazi inatosha na ni nafuu zaidi. Ulizeni vile vyenye madoa ambavyo kiwanda kimevikataa kwa sura tu. Paa hajali madoa. Mwambieni mteja afanyie mazoezi vichwa vya kawaida vya uzito ule ule, na vya kushikana aviweke kwa mawindo, ila lazima kwanza ahakikishe vyote vinapiga pale pale, maana bunduki nyingine zina nongwa. Na kama bunduki yake ni ya pole pole, msimpe kichwa kigumu kwa kuwa tu kimesifiwa. Hakitafunguka, kitapita kama sindano, na atawarudia na uso wa dereva yule. Baruti anzeni chini ya kiwango cha kitabu, kila mara, hata kama mlishajaza mfano wake jana. Kuna wanaosema tuache madini ya risasi kabisa tutumie shaba tupu. Wana hoja. Bunduki ya zamani ya Gunnar ilikataa shaba tupu, ikatawanya shabaha kama mtu anayelisha kuku, tukabaki na vya kushikana. Mjadala uliobaki nawaachia nyinyi.

Kila vuli Gunnar alinichukua kwenye kundi lake la mawindo, mbali kidogo kusini ya Jordbro. Sikupiga. Nilivaa kizibao cha rangi ya chungwa nikapita msituni nikipiga makofi kuwasukuma wanyama, kazi ambayo mtoto wa Morogoro anaifanya vizuri bila kusomea. Na nilipenda siku ya kugawa nyama kuliko siku ya kuwinda. Wanaikata, wanaipanga mafungu sawa juu ya meza ya mbao. Mtu mmoja anageuka, anatazama ukuta. Kwao alikuwa Lennart, mzee wa kundi, aliyewahi kuwa fundi bomba. Mwingine anaweka mkono juu ya fungu na kuuliza: hili la nani? Lennart bila kugeuka anataja jina. Basi, ni lake, hakuna wa kusema nimepunjwa. Nilimwambia Gunnar kwamba kwetu nyumbani mafungu tungeyagawa kwa kelele mpaka majirani waje kuamua. Jina langu halikutajwa kamwe, kwa sababu nilishaomba lisitajwe. Gunnar alikuwa anaangalia pembeni Lennart akifika mwisho.

Dawa ilikuwa wazi. Nipige mwenyewe. Nifanye mtihani wa uwindaji, nipate kibali, nitamke neno langu, na Inga apike. Gunnar alilisema hilo mapema sana, na mimi nikasema ndiyo, ndiyo, mwakani. Mwaka mmoja mtoto mchanga. Mwaka mwingine zamu za Jumamosi. Na pia niliogopa, bora niseme wazi. Mtu mweusi mwenye bunduki msituni, nilijiambia, hata paa mwenyewe angepiga simu polisi. Gunnar hakunisukuma. Waswidi hawasukumi, wanasubiri, na ukiwa mtu wa mwakani kama mimi, kusubiriwa ni hatari. Watoto wakakua. Gunnar akastaafu, akawa anakuja dukani kunywa kahawa na kuikosoa kazi yangu. Mkono wake ulishaanza kutetemeka kidogo kwenye kikombe.

Aliyeniamsha ni mke wangu, Asha. Siku moja nilikuwa namsimulia jinsi Gunnar alivyoshindwa kuweka fataki mahali pake, nikicheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza ninangoja nini hasa, mzee yule azikwe ndipo nikale kwake? Binti yangu, ambaye hunijibu Kiswidi hata nikimsalimia, naye akasema baba, jiandikishe leo. Nikajiandikisha. Nikasoma maswali ya ndege na nyayo pamoja na vijana wenye umri wa wanangu, nikapita. Kibali kikaja. Gunnar akaniachia bunduki yake ya pili, ya kasi ya wastani, kitako kimechakaa kwa shavu lake.

Tulichagua kichwa pamoja, Jumamosi nzima, duka limefungwa. Tuliweka vya aina kadhaa mezani, na kila nilichokishika akauliza kwa nini. Kwa nini hiki? Kwa sababu hakina ncha ya plastiki. Na hiki je? Kigumu mno kwa kasi hii. Mwisho tukabaki na kichwa cha kushikana cha kawaida sana, boksi la rangi ya udongo, jina ambalo hakuna anayejisifia. Kwenye mabunda ya magazeti kilifunguka vizuri na kushikana. Gunnar alishikilia mizani, mimi nikamimina baruti, maana mkono wangu ulikuwa imara. Risasi ya mwisho ilipokwisha kujazwa akaigeuza geuza kwenye taa, akasema sasa hatuna kisingizio. Nilikuwa na furaha siku ile kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Idi.

Vuli hiyo tulikaa sisi wawili kwenye kiti cha kuvizia, kile cha juu ya ngazi, ukingoni mwa shamba la shayiri iliyokwisha kuvunwa. Asubuhi, ukungu unanyanyuka. Paa akatoka, dume, akasimama ubavu, karibu kiasi kwamba nilimuona akitafuna. Gunnar aligusa goti langu. Nikaweka shavu pale shavu lake lilipochakaza mti. Nikafungua kizuizi cha usalama kwa kidole. Na nikamtaja Mungu.

Jamani. Mimi nimekua nikiona ng'ombe wa Idi akichinjwa, na mchinjaji anatamka kwa sauti watu wote wasikie. Sikuwahi kujua namna nyingine. Nikasema Bismillahi Allahu Akbar kwa kifua changu chote, kama niko mnarani. Paa aliruka juu, akageuka hewani, akapotea. Hata kidole hakijafika kwenye kifyatulio.

Kisha kiti kikaanza kutikisika. Gunnar alikuwa anacheka, ameziba mdomo kwa kofia, machozi yanashuka, na mimi nikaanza, tukacheka mpaka tukaogopa kuanguka. Nilimuuliza shehe baadaye. Naye akacheka sana, akaniambia kunong'ona kunatosha, Mungu si kiziwi.

"Mwakani," akasema Gunnar, akifuta macho. "Kwa sauti ndogo."

Tungeweza kurudi wiki iliyofuata. Msimu ulikuwa bado. Lakini mimi nilikuwa na zamu, na yeye akasema mgongo unamuuma, na sote wawili tulikuwa tumezoea sana neno lile la mwakani. Mgongo haukuwa mgongo. Majira ya baridi alilazwa. Nilimtembelea, nikakaa kando ya kitanda, nikamweleza habari za vichwa vipya vilivyoletwa dukani. Alisikiliza vizuri kuliko mimi nilivyoeleza.

"Zile risasi zetu bado zipo?" akauliza.

"Zipo."

"Zisikae sana, Hamisi."

Alifariki kabla theluji haijaisha. Kanisani nilikaa nyuma, na Inga akanifuata, akanishika mkono akanivuta hadi mbele.

Vuli iliyofuata nilikwenda peke yangu kwenye kiti kile. Nilitia risasi mojawapo ya zile zetu. Paa alitoka karibu palepale, na safari hii nilinong'ona, polepole, hata mimi mwenyewe nilijisikia kwa shida. Alikimbia kidogo akalala. Nilipomfikia alikuwa amekata roho, kichwa cha risasi kimepita na kutoka, bega zima nyama njema. Kichwa chenyewe kiko ardhini mahali fulani kule, sikukitafuta. Nilisimama pale nikalia, na siwaombi radhi kwa hilo. Neno lilitamkwa, nyama ilikuwa halali, na aliyeisubiri hakuwepo.

Siku zile kundi zima hakuna aliyepata kitu ila mimi, kwa hiyo siku ya kugawa juu ya meza kulikuwa na paa wangu peke yake, mafungu madogo madogo, idadi ya kila mwaka na moja la kwangu. Wakaniambia mpigaji ndiye atakayeweka mkono. Lennart akageukia ukuta, kama kawaida yake. Nikaweka mkono juu ya fungu la kwanza, nikauliza la nani, akataja jina. Nikauliza la pili, akataja. Nikaweka mkono juu ya lililofuata.

"Hili la nani?"

"La Gunnar," akasema Lennart.

Ulimi wake ulikuwa umetaja majina yale kwa mpangilio ule tangu ujana, na mpangilio ulikuwa haujasikia habari za msiba. Nilimuona mgongoni, mabega yakishuka alipotambua alichosema. Hakugeuka, na hakuna aliyemsahihisha. Mimi sikuuondoa mkono. Nililisogeza lile fungu kando, mahali pake, nikaendelea kuuliza, mpaka mwisho kabisa akataja Hamisi, kwa mara ya kwanza.

Mafungu yote mawili nilimpelekea Inga. Hakuuliza la nani ni lipi, aliyatia chungu kimoja, moto mdogo, saa nyingi. Akanikalisha upande wa Gunnar, akaniwekea viazi na ile jamu nyekundu. Ilikuwa tamu. Nilikula mpaka nikamaliza, na kila nikiinua macho nilikuwa naangalia mlangoni.